Mkanda wa Instamatic

Kaka unayeulizia mkanda wa picha wa Instamatic ya mzee, ile kamera ya zamani ya Kodak, hapo Moshi usihangaike kuzunguka madukani, kaseti za 126, ndo zenye mkanda wa kamera hiyo, Kodak waliacha kutengeneza 1999. Ila hiyo kaseti kuukuu iliyobaki ndani usiitupe aisee, hiyo ndo mali! Ifungue taratibu kwenye maungio, ingia chumba chenye giza kabisa, viringisha humo mkanda wa kawaida wa 35 mm maana upana ni uleule, funga na tepu nyeusi ya mafundi umeme, kale kadirisha ka nyuma nako ukazibe. Shida matundu ya pembeni mwa mkanda, kamera inasimamisha mkanda kwa tundu, na 126 ina tundu moja kwa kila picha, kwenye 35 mm yako kibao, kwa hiyo ukishapiga ziba lenzi, vuta mkanda bonyeza kitufe, vuta bonyeza kama mara sita hivi ndo upige nyingine. Inachosha kinoma.