Chembe sahani 41 na mgonjwa havuji damu: tazameni slaidi kabla ya rufaa

SWALI: Mimi ni fundi sanifu maabara katika kituo cha afya Temeke, Dar es Salaam. Mama wa miaka 52 alikuja kliniki ya presha, FBP (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) ikatoa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, 41 × 10⁹ kwa lita. Baada ya saa mbili tulirudia kwa tyubu ileile, ikatoa 29. Hana homa wala michubuko, fizi hazitoki damu. Daktari anataka apewe rufaa akaongezewe chembe sahani. Je, mashine imeharibika?

JIBU: Ndugu yangu, mwambie daktari sasa hivi kwamba jibu bado linahakikiwa. Namba inayoshuka ndani ya tyubu ileile, mgonjwa mwenyewe akiwa mzima, hutia shaka tyubu kabla ya mgonjwa. EDTA, kemikali iliyomo kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau hufunga kalisi ili damu isigande. Kwa watu wachache, hali hiyo hufichua sehemu ya chembe sahani ambayo kingamwili zao huinasa, chembe zikashikamana mafungu mafungu. Damu ikikaa na kupoa, mafungu huongezeka. Mwilini mwa mama huyo hakuna kinachoshikamana.

Mashine haijui hayo. Nyingi hufuata kanuni ya Wallace Coulter, aliyepata hataza Marekani mwaka 1953: chembe ikipita kwenye tundu dogo hubadilisha ukinzani wa umeme kulingana na ujazo wake. Kwa kawaida chembe sahani ni kitu cha femtolita 2 hadi 20 hivi. Fungu likizidi hapo huachwa, au huhesabiwa kama chembe nyeupe. Kwa hiyo angalieni kama nazo zimepanda bila sababu.

Kwanza pitisheni kijiti safi ndani ya tyubu. Mkikuta bonge la damu, mtoeni mgonjwa damu upya na mpindue tyubu taratibu mara 8 hadi 10 papo hapo. Bonge lisipokuwepo, tengenezeni slaidi nyembamba, ipakeni rangi ya Giemsa, mpitie mkia wake (ncha nyembamba ya damu iliyopakwa) kwa lenzi ya 10, maana mafungu husukumwa huko. Wengi hutazama katikati tu, wakayakosa. Kisha tumieni lenzi ya 100 yenye mafuta mahali chembe nyekundu zinapogusana kidogo: hesabuni chembe sahani sehemu 10, tafuteni wastani, zidisheni kwa 15,000. Wastani wa 12 ni kama 180,000 kwa mikrolita, yaani 180 × 10⁹ kwa lita. Makadirio haya hayafai pale zilipojikusanya.

Mkiona mafungu, chukueni damu mpya kwenye tyubu ya bluu yenye sitrati, kizuia kuganda kingine, ijae hadi alama, mpime mara moja. Sehemu 1 ya sitrati imechanganywa na 9 za damu, hivyo jibu lizidishwe kwa 1.1. Tyubu isiyojaa huharibu uwiano huo na kushusha namba kwa uongo.

Wachache hushikamana hata kwenye sitrati. Hapo chukueni mikrolita 20 za damu ya kidole, mziingize moja kwa moja kwenye mililita 0.38 za amonia oksaleti ya asilimia 1 iliyochujwa. Subirini dakika 10 hadi 15 chembe nyekundu zipasuke, jazeni chemba ya Neubauer (kioo chenye miraba cha kuhesabia chembe), iacheni mahali penye unyevu dakika 20 zitulie. Hesabuni mraba wote wa katikati, zidisheni kwa 200. Hiyo ni idadi kwa mikrolita. Vumbi hudanganya sana hapa.

Na zikiwa chini kweli? Tafuteni malaria na dengi. Kwa 41 bila kuvuja damu wala upasuaji kukaribia, haongezewi chembe sahani. Aliyetulia kwa kawaida huongezewa zikishuka chini ya 10. Asipewe aspirini wala sindano ya diklofenaki.

Ikiwa ni EDTA tu, andikeni kwa wino kwenye faili lake: “Hushikamana kwenye EDTA, pimeni kwa sitrati,” naye apewe nakala, asije akaahirishiwa upasuaji kwa sababu ya tyubu.