Hedhi inakoma, inakatika au inasimama?

SWALI: Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya wilayani Kasese, Uganda. Tunaandaa bango la Kiswahili kwa akina mama wanaokaribia miaka 50. Mwenzangu mmoja anataka tuandike "kukatika kwa hedhi", mwingine "kusimama kwa hedhi", na ile dalili ya joto wameiita "homa ya ghafla". Tushike lipi?

JIBU: Shikeni "kukoma kwa hedhi", au kwa ufupi "kukoma hedhi". Kitenzi koma ndicho kilichozaa neno kikomo: kilichokoma kimefika mwisho wake. Kilichokatika chaweza kuungwa, na kilichosimama chaweza kuondoka tena, kama basi. Mama mjamzito, anayenyonyesha au aliyechomwa sindano ya uzazi wa mpango anaweza kupitisha miezi bila kuona damu. Hedhi yake imesimama tu, haijakoma.

Angalieni pia kiambishi cha wakati, maana hapo ndipo penye mtego. Hedhi "imekoma" pale tu miezi 12 mfululizo inapopita bila damu na bila sababu nyingine kama hizo. Kwa wengi ni kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo, pengine kwa miaka kadhaa, "inaelekea kukoma": inaruka mwezi, inakuja mara mbili kwa kukaribiana, inatoka nyingi kuliko desturi, kisha inakuwa kidogo. Mama huyo bado anaweza kushika mimba. Ukimwandikia "imekoma" kwa -me-, umemwambia aache uzazi wa mpango kabla ya wakati. (Akisema "nimekoma!" bila kutaja hedhi, huyo anatubu, hiyo ni habari nyingine.)

"Homa ya ghafla" ifuteni kabisa. Msomaji mwenye Luganda akiona homa atasikia omusujja, neno linaloitwa homa na malaria pia, na kutoka omusujja hadi dawa za malaria ni hatua moja. Joto la kukoma hedhi huanza kifuani au shingoni, likapanda usoni, likadumu dakika chache, kisha likamwachia jasho na pengine kibaridi. Ukimweka kipimajoto, homa huioni. Andikeni "joto la ghafla mwilini", na linalomwamsha akiwa ameloa liiteni "jasho la usiku". Jina hilo la pili kifua kikuu nacho kinalidai, basi ongezeni mstari mmoja: jasho likiambatana na kikohozi cha wiki 2 au zaidi, au na kukonda, apimwe.

Kwa usingizi, mwenzenu wa "kukatika" atapata haki yake: usingizi hukatika, kisha ukarudi. Moyo "unakwenda mbio". Hasira za haraka, wasiwasi na kusahausahau viandikwe hivyo hivyo, si "kichaa". "Ukavu wa uke" nao utajwe wazi, kwa sababu ukiandika "matatizo ya sehemu za siri" msomaji atafikiria magonjwa ya zinaa, na aliye na maumivu wakati wa tendo la ndoa hatajua kwamba anazungumziwa yeye. Neno "tasa" lisionekane popote. Tasa ni asiyezaa, na mama wa watoto sita aliyekoma hedhi hastahili jina hilo. Wala msichanganye na "kufunga kizazi": hiyo ni njia ya uzazi wa mpango, na aliyefunga huendelea kuona hedhi.

Limebaki moja, nalo ningeliandika kwa herufi kubwa kuliko mengine. Damu ikitoka baada ya miezi ile 12 kutimia, msiandike "hedhi imerudi". Mama akisoma hivyo atafurahi kwamba ujana umerejea, abaki nyumbani. Hiyo si hedhi. Yaweza kuwa jambo dogo, na yaweza kuwa saratani ya mfuko wa uzazi au ya mlango wake. Andikeni: "Ukiona damu ukeni baada ya hedhi kukoma, hata tone moja, fika kituoni upimwe."