Mabaki ya dhahabu yana kingine?
Ndugu uliyeuliza kama mabaki ya mgodi wa dhahabu yana kingine cha kuuza: yanaweza kuwa nacho, inategemea mwamba wenyewe. Dhahabu hupenda kukaa jirani na madini mengine kama antimoni, teluri, kobalti, hata urani. Kankberg kule Sweden wanatoa dhahabu na teluri kwenye mgodi mmoja, na Witwatersrand, Afrika Kusini, urani ilianza kutolewa kwenye mawe ya dhahabu mwaka 1952. Si jambo jipya.

Ugumu uko kwenye kutenganisha. Antimoni huivuruga sianidi inayoyeyusha dhahabu, hivyo hutolewa kwanza kwa njia ya mapovu (chembe zake hunasa kwenye mapovu na kuelea juu ya maji). Aseniki, ambayo ni sumu, nayo hufuata nyuma (huyo mgeni hakualikwa), na kuihifadhi salama ni gharama. Pima sampuli maabara kabla ya kuwaza mtambo.