Maswali na Majibu: Kila Kitu Siku Hizi ni cha Jadi

Mila, desturi na jadi vina tofauti gani? (Msomaji, Morogoro)

Swali hili halikauki, na kamusi zipo. Desturi ni mazoea, hata ya mtu mmoja: unaweza kuwa na desturi ya kunywa chai bila sukari. Mila ni ya jamii, na anayeivunja huulizwa. Jadi asili yake ni neno la Kiarabu la babu, kwa hiyo kitu cha jadi ni ulichokikuta kwa wakubwa, nao wakakikuta kwa wakubwa wao.

"Majadi" ni sahihi?

Hapana.

Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Je, Azam na Simba nao? (Msomaji, Temeke)

Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936. Ushabiki umeshuka kwa babu, baba na mjukuu, kwa hiyo neno limekaa mahali pake. Azam imepanda Ligi Kuu 2008. Ni mpinzani, tena mgumu, lakini jadi bado. Halafu watangazaji wasichanganye mtani na hasimu. Mhehe humtania Mngoni hata msibani, na mfiwa hatakiwi kukasirika. Anayerusha chupa uwanjani si mtani wa mtu.

Kamati ya sendofu inadai sare ya kitenge ni jadi yetu, na bei imenishinda. Nifanyeje?

Nilikuwa nalingoja hili. Michoro ya vitenge vya waksi ilitokana na Waholanzi kuiga batiki za Java viwandani, karne ya 19. Kitenge kinapendeza, tumekizoea, tukiite vazi letu. Lakini sare ya kamati, yenye rangi iliyochaguliwa juzi kwenye kundi la WhatsApp, ni desturi ya mjini tu. Neno jadi limepachikwa hapo ili uone haya kuuliza bei. Muulize mwenyekiti bibi yake alivaa nini siku alipoagwa, kisha vaa kitenge ulichonacho kabatini. Na wenye maduka ya dawa "za jadi" zilizofungashwa bila jina la mmea, nanyi nimewaona.

Mahari haijaisha. Wajomba wanasema kwa jadi hakuna ndoa. (Msomaji, Musoma)

Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema kutotimiza mila ya mahari hakubatilishi ndoa iliyokamilisha masharti mengine. Wajomba na wadai kilichobaki. Mke wako hawana haki ya kumrudisha.