Gari linalolala nje: paa lina ratiba yake, milango ina yake

Ukiuliza gari lipakwe waksi mara ngapi, wengi watakujibu mara mbili kwa mwaka. Si uongo, ila jibu hilo lilitungwa kwa gari linalolala gereji, katika nchi ambako jua la saa sita linakuja kwa mshazari karibu mwaka mzima. Mimi naishi Kisumu, kwenye ploti ya kupanga ambako kila mpangaji ana nafasi ya kuegesha lakini hakuna aliyewekewa hata bati moja la kivuli. Kabla ya hapo nilikaa Nakuru, gari likilala nje vilevile. Gari lenyewe ni Fielder ya rangi ya damu ya mzee, rangi ambayo jua halina huruma nayo. Kwa hiyo wanaoniuliza nawajibu hivi: paa na boneti kila baada ya wiki sita hadi nane, milango na mbavu kila baada ya miezi mitatu au minne.

Watu hushangaa ninavyoligawa gari. Lakini jua lenyewe ndilo limeligawa. Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi tu ukishika barabara ya Busia, na mchana jua liko utosini. Paa linalipokea lote, ilhali mlango unapigwa ubavuni, asubuhi upande huu, jioni upande ule. Weka kiganja juu ya paa la gari jeusi saa nane mchana, kisha ukihamishie mlangoni, utajua nasema nini. Bati la rangi nzito likikaa juani linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Halafu kila kinachodondoka kutoka juu kinadondokea hapohapo: vumbi, utomvu wa mwembe, masizi wakati mashamba ya miwa yanapochomwa upande wa Chemelil na Muhoroni, na ndege.

Kuhusu ndege, wenyeji wa Kisumu hawahitaji maelezo. Wale korongo wakubwa wenye vipara wanaolala kwenye miti ya mjini hawaangushi tone, wanamwaga. Kinyesi cha ndege kina asidi ya yuriki, na jua likikikausha juu ya rangi, bati linatanuka kwa joto la mchana na kunywea usiku huku kile kipande kimeng'ang'ania. Ndipo unapata ile alama yenye kingo kama ramani, inayoonekana hata baada ya kuosha. Dawa yake ni kitambaa kilicholowa maji: kilaze juu ya uchafu, kiache dakika kama kumi, kisha ukinyanyue pamoja nao. Usisugue, maana ndani yake mna mchanga na mbegu. Kwenye rangi yenye waksi una nafasi ya kumaliza kazi zako ukapangusa jioni. Kwenye rangi tupu, mchana mmoja wa Januari au Februari unaweza kutosha kuharibu.

Sasa tuelewane waksi inafanya nini hasa, maana hapo ndipo watu hudanganyana. Magari mengi tunayoendesha yanatoka Japani yakiwa yameshatumika, na sheria yetu ya Kenya inataka yasizidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Yamepigwa rangi kwa tabaka: juu ya rangi yenyewe kuna tabaka angavu ambalo wapiga rangi wetu huliita klia. Unene wa klia ni mikroni 40 hadi 50 hivi, yaani ni nyembamba kuliko unywele. Huo ndio mng'ao wote ulioununua. Ikiliwa, hairudi, na hakuna waksi inayoijenga upya. Waksi pia haizuii jua sana kama vibandiko vya makopo vinavyotaka uamini. Inapunguza kidogo tu. Kazi yake kubwa ni kuliwa badala ya klia. Asidi ya ndege, utomvu, chumvi za maji, vyote vinaanza na waksi, na wewe unaiweka nyingine. Ndiyo maana suala la mara ngapi ni suala la kujua iliyopo imeliwa lini.

Na hilo utaambiwa na maji. Baada ya kuosha gari, au mvua ya alasiri ikipita, angalia boneti. Maji yakijikusanya kuwa matone mviringo, yaliyosimama, na mengine yakateleza yenyewe ukiliondoa gari, waksi ipo. Yakitandaa na kulala bapa, boneti nzima ikawa imelowa tu, imekwisha. Kwenye gari langu matone ya paani hulala mapema, ya mlangoni bado yamesimama wima. Mtu anayepaka gari zima kila mara anapoteza waksi na jasho; anayesubiri mlango umwambie ameliacha paa uchi kwa muda mrefu. Kuna tahadhari moja: gari chafu nalo maji hutandaa juu yake, kwa hiyo pima likiwa limeoshwa.

Aina ya waksi inabadilisha hesabu. Waksi nzuri ya kopo, ile ninayoihesabia wiki sita hadi nane paani, ina kanauba, nta inayotolewa kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende unaomea kaskazini mashariki ya Brazili. Sifa yake kwetu ni kwamba inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 hivi, kwa hiyo paa lenye joto haliitishi sana. Jirani aliniuliza kwa nini asipake nta ya nyuki, maana Baringo inauza asali na nta yake haina gharama. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Kwa paa lake jeusi hiyo ni kutafuta gundi ya vumbi. Waksi nyingi za bei ya chini nazo zina parafini kwa wingi, na parafini nyingi inayeyuka kabla hata ya hapo. Rahisi huwa ghali. Ziko pia za sintetiki, za maji maji, ambazo hudumu zaidi. Kwa gari la nje, ukijipa miezi mitatu au minne kwa paa hutajuta, hata kama kibandiko kinakuahidi mwaka. Kuna na seramiki, dawa inayoganda kuwa tabaka gumu juu ya rangi, inayokaa mwaka au zaidi ikipakwa na mtu anayeijua kazi. Ni nzuri, lakini kwa gari la miaka kumi na mbili ninaloegesha chini ya mwembe, mimi pesa hiyo naipeleka kwenye matairi.

Halafu kuna waksi ya wale vijana wa kuosha magari. Ukifika utasikia, "Boss, leo nikupigie waksi?" Swali langu huwa moja: "Ya kopo ama ya kunyunyiza?" Ukiona anatabasamu, ni ya kunyunyiza. Inang'aa kweli, utajiona kwenye mlango ukichana nywele, lakini nyingi kati ya hizo zinaondoka na kuosha mara moja au mbili. Mimi siikatai, naiweka katikati ya zile za kopo kama nyongeza. Ninachokataa ni sabuni ya unga. Sabuni ya kufulia na ile ya vyombo zimetengenezwa kukata mafuta, na waksi kwake ni mafuta tu. Waweza kuipaka Jumamosi hii na kuisuuza yote Jumamosi ijayo kwa sababu kijana alitia vijiko viwili vya sabuni ya unga kwenye ndoo. Nunua shampuu yako ya gari, ibebe kwenye buti, umpe. Atakuona mtu wa maringo siku ya kwanza, baadaye ataizoea.

Wakati wa kupaka, kosa kubwa ni jua. Gari lipoe kwanza, injini pia. Kisumu mimi hufanya mapema asubuhi, kivuli cha jengo kikiwa bado kimelifunika. Jioni wadudu wa ziwa wakitoka utawapaka pamoja na waksi. Chukua kiasi cha sarafu ya shilingi kumi kwa boneti nzima. Ndiyo, kidogo hivyo. Ipake kwa sponji laini hadi iwe kama ukungu tu juu ya rangi, paneli moja baada ya nyingine. Kisha pitisha ncha ya kidole: ikiacha mstari safi unaong'aa, imekauka, ifute kwa kitambaa cha maikrofaiba. Ikiacha mstari uliochafuka kama mafuta, ngoja. Waksi nene hailindi zaidi, inakupa tu kazi ya kusugua hadi mabega yakuume. Ukitaka ulinzi zaidi paani, paka mara mbili nyembamba, upumzike saa kadhaa katikati. Plastiki nyeusi za kando zikwepe, waksi ikikaukia hapo inaacha weupe mbaya. Na kitambaa kikianguka chini, basi, hakirudi kwenye rangi hadi kifuliwe.

Kabla ya hayo yote pima rangi ilivyo. Vaa mfuko laini wa plastiki mkononi na upitishe vidole juu ya boneti iliyooshwa. Mifuko ya dukani ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hiyo tumia ule wa mkate. Ukisikia chembechembe, kuna uchafu ulioshika ambao sabuni haikuutoa, na kupaka waksi juu yake ni kuufungia ndani. Uondoe kwa ule udongo laini maalumu wa gari, ukilowesha vizuri kwa maji ya shampuu. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Usichanganye jambo hili na polishi. Polishi ina chembe za kukwangua, inang'arisha kwa kupunguza klia. Fundi anayekuahidi kulipiga gari mashine kila mwezi liwe jipya anakuuzia klia yako mwenyewe. Gari likiwa limefifia, mashine mara moja, kisha waksi ya kulinda kilichobaki.

Nakuru mambo yalikuwa tofauti kidogo. Mji uko mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari, kuna ubaridi kuliko Kisumu na paa halichemki sana, ila mionzi ya jua inaongezeka nguvu kadiri unavyopanda. Adui wa kule ni vumbi. Udongo ni wa volkano, vumbi lake linakwaruza, na kuanzia Desemba hadi mvua za Machi utaamka kila siku ukute gari limepakwa unga. Hapo waksi inasaidia kwa sababu vumbi halishiki sana na maji ya kwanza yanaliondoa, mradi mtu asilifute likiwa kavu. Soja wetu wa kule, yaani mlinzi wa ploti, mzee mkarimu, alikuwa na tambara lake na kila alfajiri alilipangusa gari langu kwa moyo safi. Nilimwambia, "Mzee, shikamoo. Asante sana, lakini hii gari isipanguswe ikiwa kavu." Akanitazama. "Sasa ikae na vumbi hivyo?" "Wacha ikae, mzee. Jumamosi nitaiosha." Alikubali kwa shingo upande, nami nikaendelea kumpa ya chai kama kawaida, maana ndicho kilichokuwa kimemleta kwenye gari. Jambo la pili la Nakuru ni maji ya visima. Yana madini mengi, na gari likikaukia juani baada ya kuoshwa kwayo linabaki na madoa meupe ya mviringo. Lipanguse likiwa bado bichi. Madoa yakishashika, jaribu siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, suuza vizuri, kisha upake waksi pale, kwa sababu siki nayo imeshaila.

Mtu atauliza, si ufunike gari tu? Turubai la gari ni zuri kwa gari linalokaa wiki nzima bila kutoka, mahali pasipo na upepo. Kwa anayetoka kila asubuhi, vumbi linakaa kati ya turubai na rangi, upepo wa alasiri unalichezesha, na unapata mikwaruzo ambayo jua lisingeileta. Afadhali umwombe mwenye ploti ruhusa ya kuweka wavu wa kivuli, mchange majirani wawili watatu. Ukifanikiwa, ratiba ya paa inaweza kufika miezi mitatu bila wasiwasi.

Kama huna muda wa kufuatilia wiki, funga ratiba kwenye majira: paa na boneti mwishoni mwa Februari kabla mvua ndefu hazijaanza, tena mwezi Mei zikipungua, kisha Agosti, halafu mwishoni mwa Novemba au Desemba kabla ya ule ukame wa mwanzo wa mwaka. Milango iunganishe na Februari na Agosti. Nafasi hizo ni ndefu kuliko nilizotaja mwanzoni, na si sawa na kuangalia matone, lakini ni bora kuliko kungoja siku ya harusi.

Gari ambalo klia imeanza kubanduka paani kama ngozi iliyoungua, usiliwekee waksi ukitegemea muujiza. Waksi itang'arisha kingo za mabaka na kuyafanya yaonekane vizuri zaidi. Weka akiba ya kupiga rangi paneli hiyo. Likitoka kwa mpiga rangi usikimbilie kopo siku ileile, maana rangi mpya iliyopigwa mtaani inaendelea kutoa kemikali zake kwa muda: iache miezi miwili hadi mitatu, ioshe kwa maji na shampuu tu, egesha mbali na mwembe, ndipo uanze.