Shikeni kalamu kabla ya Haskell

Wadogo zangu mnaojifunza programu hapa Arusha, wa Njiro, wa Sakina hadi Tengeru: wengi mnaoniuliza pa kuanzia mnakuja Haskell, lugha ya programu inayojengwa kwa funksheni, ikiwa tayari kwenye laptop. Ifungeni kwanza. Chukueni daftari, mkae wiki mbili tatu na kalkulasi ya lambda, yaani mfumo wa kukokotoa kwa funksheni peke yake. Muda huo haupotei hata kidogo.

Alonzo Church aliiunda miaka ya 1930 akiwa Princeton, Marekani, akitafuta msingi wa hisabati. Ina vitu vitatu tu: kibadilika (jina kama x), funksheni ya hoja moja (hoja ni kile inachopewa), na kuipa funksheni hoja yake. Hata namba inabidi uziunde kwa funksheni.

Hoja moja inatoshaje? Tazama λb.λk.b×k (λb. maana yake ni funksheni inayopokea b na kurudisha kinachofuata nukta; alama ya kuzidisha nimeiazima ili mfano usomeke). Ipe bei ya kilo ya mchele soko la Kilombero, tuseme 3,000. Inakurudishia λk.3000×k, yaani funksheni inayosubiri kilo. Ipe 4, unapata 12,000. Ile ya katikati ni kitu kamili: unaweza kuihifadhi, au kuikabidhi kwa funksheni nyingine. Huo ndio moyo wa programu za kifunksheni.

Sasa pale ninapowaomba mkae sana. Kokotoeni (λx.λy.x) y. Anayeanza huandika λy.y, na hapo ameharibu kila kitu. Funksheni ilitakiwa kuipuuza hoja yake na kurudisha y ya nje. Sasa inarudisha hoja yenyewe, kwa sababu y ya nje imenaswa na λy ya ndani. Badilisha jina la ndani kwanza, iwe λx.λz.x, ndipo uweke y: λz.y. Rudieni mazoezi ya namna hii mpaka jicho lione mtego kabla mkono haujaandika.

Mtego wa majina mtakutana nao kazini kwa sura nyingine. Kwenye lugha ya Python, ambako λ huandikwa lambda, andikeni [lambda: i for i in range(3)], kisha muite zote tatu. Mtapata 2, 2, 2. Kwenye daftari jina lilibadilishwa na thamani yake, basi. Hapa i ni moja, inabadilika, na funksheni zote zinaitazama baada ya mzunguko kwisha. Andikeni lambda i=i: i, mtapata 0, 1, 2. Wakubwa nao walihangaika na majina: lugha ya Lisp, aliyoianzisha John McCarthy mwaka 1958, mwanzoni ilitafuta maana ya jina pale funksheni inapoitwa, si pale ilipoandikwa. Scheme ya 1975, tawi la Lisp, ndiyo iliyoshika njia ya Church.

Aina za data ziacheni kwanza, Haskell itawafundisha. Ila kombineta Y, yaani λf.(λx.f (x x)) (λx.f (x x)), ijaribuni mapema, maana inaleta kujirudia bila funksheni kuwa na jina. Mkiiandika kwa Python kama ilivyo kwenye karatasi, itajiita hadi programu ikatike, kwa kuwa Python hukokotoa hoja kabla ya kuingia kwenye funksheni. Badala ya x(x) wekeni lambda v: x(x)(v), kisha itumieni kukokotoa faktoria ya 5 (5×4×3×2×1). Itawapa 120.