Riwaya Niliyoiacha Katikati

SWALI: Ndugu Mhariri, hivi karibuni nimesoma riwaya tatu ambazo kwa muda mrefu nilikuwa nikizisikia zikitajwa tu. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi niliimaliza kwa siku nne, na nilisikitika ilipokwisha. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi niliimaliza pia, lakini kwa hasira, kwa sababu nilimwona mwandishi kama mtu aliyemwadhibu binti yule kupita kiasi. Nagona, ya Kezilahabi huyo huyo, nimeiacha katikati, kwani kila nilipodhani nimeushika uzi wa kisa uliniponyoka. Rafiki yangu anasema kwamba aliyeshindwa na Nagona hana haki ya kutoa maoni juu ya riwaya yoyote. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, na barua yako yenyewe inamkanusha rafiki yako, kwa kuwa umeeleza ni kitu gani hasa kilichokushinda. Anayesema tu kwamba kitabu ni kizuri au hakina maana hatuachii pa kushika; wewe umetuachia.

Nianze na hasira yako. Si wewe wa kwanza kukasirishwa na Rosa Mistika: ilipotoka mwaka 1971 iliwachukiza wengi, hata ikapigwa marufuku shuleni. Hata hivyo wao walikasirishwa na uwazi wake kuhusu mapenzi, ilhali wewe umekasirika kwa niaba ya Rosa, na hizo ni hasira mbili tofauti kabisa. Naomba urudi kwenye tukio ambapo Zakaria, baba yake mlevi, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana, kisha ujiulize ni nani anayemwadhibu binti huyu. Kwa maoni yangu, Kezilahabi anamshitaki baba, pamoja na malezi yanayomchunga msichana kwa fimbo bila kumfundisha lolote, hivi kwamba siku anapokuwa mbali na macho ya mzazi hana cha kumwongoza. Kujiua kwa Rosa ni sehemu ya mashitaka hayo. Nakubaliana nawe katika jambo moja, nalo si dogo: Rosa anabadilika upesi mno, na msimulizi, ambaye mwanzoni alikuwa na subira ya kutuonyesha mambo, baadaye anatusimulia kwa haraka kana kwamba anawahi hukumu. Kama hapo ndipo hasira yako ilipoanzia, basi umeona kasoro ya usanii, wala hukuzidiwa na huruma tu.

Kuhusu Vuta N'kuvute ya mwaka 1999 umesema machache, nami nashuku kuwa ni kwa sababu raha haitudai maelezo kama inavyotudai karaha. Wengi huisifu kwa Denge na harakati zake za siri dhidi ya wakoloni katika Zanzibar. Mimi huisoma kwa ajili ya Mwajuma, mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo mjini Zanzibar anayempokea Yasmin baada ya msichana huyo wa Kihindi kumkimbia mume mzee aliyeozwa kwake na kukataliwa na jamaa zake mwenyewe. Siasa za riwaya ile zingekuwa hotuba tupu kama chumba cha Mwajuma kisingekuwamo. Jaribu kukumbuka ni ukurasa gani uliokufanya usitamani kitabu kiishe. Huenda nao haukuwa wa siasa.

Sasa Nagona, iliyochapishwa mwaka 1990. Uzi haukukuponyoka kwa uzembe wako, kwa maana mwandishi ameukata kwa makusudi. Msimulizi anasafiri katika ulimwengu unaofanana na ndoto, mazungumzo yanahusu ukweli, mauti na fikra za wanafalsafa, na msomaji anayesubiri kujua kitakachotokea baadaye hataridhika kamwe. Mimi mwenyewe nilianza kuionja mara ya tatu, na bado ziko kurasa ninazozipita kimya kimya (rafiki yako asisikie). Kilichonisaidia ni kuisoma kwa sauti, sura moja kwa siku, kama mtu asomaye shairi, bila kusimama kwenye kila ishara kudai maana yake. Ni kitabu chembamba, kwa hiyo usianzie pale ulipokomea. Rudi ukurasa wa kwanza. Ukichoka tena, kirudishe rafuni, na ukiulizwa maoni yako, taja sura uliyofikia.